Joto la Jua Nyumbani, Shambani na Kiwandani: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya ni yale ambayo wenye nyumba, wakulima, wasimamizi wa shule na mafundi bomba wa Afrika Mashariki huyarudia kila linapozungumzwa suala la kutumia joto la jua. Anayetaka hita ya maji peke yake anaweza kuanzia swali la 5. Mkulima na mvuvi waende swali la 14.

## Mambo ya msingi

1. Joto la jua lina tofauti gani na umeme wa jua?

Paneli za umeme hubadili mwanga wa jua kuwa umeme. Vifaa vya joto la jua hunasa miale kwenye kitu cheusi, kitu hicho kikapata moto, na moto huo ukahamishiwa kwenye maji, hewa au chakula. Paneli nzuri ya umeme hupata takribani asilimia 20 ya nguvu ya jua inayoiangukia, ilhali kikusanya joto kizuri kinachopasha maji ya kuoga huweza kupata asilimia 50 au zaidi. Ndiyo maana mtu mwenye paa dogo anayehitaji maji ya moto hupata zaidi kwa kulitumia jua kama joto moja kwa moja.

Swali la kujiuliza kabla ya kununua chochote ni hili: unahitaji joto la nyuzi ngapi? Maji ya kuoga yanatosha yakiwa na nyuzi 40, embe hukaushwa kwenye nyuzi 50 hadi 60, maharage huiva karibu na nyuzi 100, na mvuke wa kuzungusha mtambo wa umeme huhitaji mamia ya nyuzi. Kadiri nyuzi zinavyopanda ndivyo joto linavyozidi kuvuja kuelekea hewani, na ndivyo kifaa cha kulizuia kinavyozidi kuwa ghali. Sehemu kubwa ya majibu yafuatayo inategemea kipimo hicho.

2. Je, hii ni teknolojia mpya?

Hapana. Karafuu za Pemba zinazoanikwa kwenye majamvi, mwani wa Paje na Jambiani, na chumvi inayovunwa kwenye mabwawa ya pwani, vyote ni kazi ya joto la jua. Kwa upande wa vifaa, mwanasayansi wa Uswisi Horace-Bénédict de Saussure alitengeneza sanduku la vioo la kunasa joto mwaka 1767. Mwaka 1913, huko Maadi karibu na Kairo, Mmarekani Frank Shuman aliendesha mtambo wa vioo vilivyopinda ambao ulitoa mvuke wa kupampu maji ya umwagiliaji kutoka mto Nile. Vita Kuu ya Kwanza na mafuta ya bei rahisi viliua mradi huo, lakini muundo wa vioo vyake ndio unaotumika hata sasa (tazama swali la 19).

3. Je, jua letu linatosha?

Linatosha. Sehemu nyingi za Kenya, Tanzania na Uganda hupata kati ya yuniti (kilowati-saa) 4 na 6 za nguvu ya jua kwa kila mita moja ya mraba kwa siku. Tatizo la kweli ni kwamba mahali panapohitaji sana maji ya moto, kama Limuru, Nyandarua, Njombe na Makete, ndipo penye ukungu na mawingu mengi katika miezi ya Juni hadi Agosti. Dar es Salaam, kwa upande mwingine, maji ya simtanki lililo juu ya paa hutoka vuguvugu yenyewe, na kaya nyingi za huko hazina sababu ya kununua hita. Hoteli, hospitali na mabweni ya mwambao yana sababu, kwa kuwa hufua, huosha vyombo na kuhudumia watu wengi kila siku.

4. Faida zake hasa ni zipi?

Ya kwanza ni gharama, ambayo imeelezwa kwa hesabu katika swali la 8. Ya pili ni kupunguza matumizi ya kuni na mkaa. Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia wa Tanzania wa 2024 hadi 2034 unalenga asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati safi, na maji ya kuoga yanayochemshwa kwa mkaa kila asubuhi ni sehemu ya mzigo huo ambayo watu huisahau kwa sababu si chakula. Ya tatu haionekani kwenye bili ya mtu mmoja: shawa za umeme zinazopasha maji papo hapo huvuta kilowati kadhaa kila moja, na huwashwa karibu saa zilezile, alfajiri na jioni, wakati mitambo ya taifa tayari imeelemewa. Tangi la maji yaliyopata moto mchana linaipunguzia gridi mzigo huo.

## Maji ya moto

5. Hita ya sola hufanyaje kazi bila pampu?

Maji yaliyopata moto huwa mepesi kuliko ya baridi, hivyo hupanda. Katika hita nyingi za majumbani tangi huwekwa juu ya kikusanya joto. Maji yanayopata moto chini hupanda hadi kwenye tangi, ya baridi hushuka kuchukua nafasi yake, na mzunguko huendelea mradi jua linawaka. Tangi huzungushiwa povu zito la kuzuia joto, kisha bati la nje. Povu hilo likiwa jembamba, maji ya saa kumi jioni hayatafika alfajiri yakiwa moto, kwa hiyo muulize muuzaji unene wake kabla ya kuuliza rangi ya bati.

6. Ninunue ya mirija ya vioo au ya paneli bapa?

Mirija ya vioo ina kuta mbili ambazo hewa kati yake imeondolewa, na kwa hiyo hushika joto vizuri hata hewa ya nje ikiwa baridi. Kwa kawaida ni rahisi kwa bei, na mrija mmoja ukivunjika hubadilishwa peke yake. Paneli bapa ni sanduku lenye kioo juu na mabomba ya shaba ndani. Huvumilia zaidi mvua ya mawe, embe linaloanguka na jiwe la mtoto, ila katika maeneo yenye jalidi maji yaliyomo yanaweza kuganda usiku na kupasua mabomba. Mtu wa Makete au Kinangop achague mirija, au paneli ambayo ndani yake huzunguka kimiminika kisichoganda. Kwa mwambao, ambako joto la hewa linasaidia, ningechagua paneli bapa kwa ajili ya uimara wake.

Mirija ina tahadhari moja ambayo mafundi wageni hujifunza kwa hasara. Ikikaa juani bila maji, ndani yake hufika zaidi ya nyuzi 200. Fundi anayemaliza kuifunga saa saba mchana na kufungulia maji baridi papo hapo husikia mlio wa kioo, kisha mwingine, na maji yanaanza kutiririka juu ya bati. Mirija mipya ijazwe alfajiri au jioni, la sivyo ifunikwe kwa turubai kabla ya kujazwa.

7. Familia yangu inahitaji hita ya lita ngapi?

Kadiria lita 30 hadi 40 za maji ya moto kwa mtu kwa siku. Familia ya watu wanne au watano inatoshwa na tangi la lita 150. Kupandisha lita 150 kutoka nyuzi 20 hadi 55 kunahitaji yuniti 6 hivi za nishati. Ikiwa jua lako ni yuniti 5 kwa mita ya mraba, na kifaa kinanasa nusu yake, utahitaji mita za mraba 2.5 za kikusanya joto. Jihadhari na tangi kubwa lililofungwa na mirija michache: lita 300 za maji vuguvugu hazimfurahishi mtu yeyote wakati wa baridi ya Julai.

8. Itarudisha gharama yake baada ya muda gani?

Hesabu inafanyika kwa namba zako mwenyewe. Chukua yuniti 6 za swali la 7 na uzizidishe kwa bei ya yuniti unayolipa. Tuseme ni shilingi 350 za Tanzania: hiyo ni shilingi 2,100 kwa siku ya jua zuri. Punguza siku za mawingu, jumlisha kwa mwaka, kisha gawanya bei ya hita pamoja na ufundi kwa jumla hiyo. Anayetumia mkaa alinganishe na kilo 3 hivi kwa siku, kwa sababu jiko la kawaida hupoteza sehemu kubwa ya joto lake pembeni.

Hesabu hii ni ya kweli kwa mtu anayetumia maji yote kila siku. Wawili wanaooga haraka na kushinda kazini watasubiri muda mrefu zaidi, na hoteli yenye wageni kila siku itasubiri muda mfupi. Wauzaji wengi huonyesha hesabu ya hoteli kwa mteja wa nyumba ya watu wawili.

9. Siku za mawingu na wakati wa masika nitafanya nini?

Mwanga unaopita mawinguni bado hupasha maji, ingawa kwa kiwango kidogo, na mara nyingi utapata maji vuguvugu badala ya moto. Matangi mengi huja na elementi ya umeme kwa siku kama hizo. Kosa linalofanyika sana ni kuiacha elementi ikiwaka usiku kucha: jua linapochomoza hukuta maji yamekwisha kupata moto kwa umeme wa kununua (LUKU), na halina la kufanya. Washa elementi jioni, baada ya kuona jua limeleta nini.

10. Ifungwe wapi na ielekee upande gani?

Tanzania yote iko kusini mwa ikweta, kwa hiyo hita ielekezwe kaskazini. Nairobi nayo inanufaika na mwelekeo huo, kwa sababu katika miezi ya baridi ya Juni hadi Agosti jua huwa upande wa kaskazini. Mwinamo wa nyuzi 10 hadi 15 unatosha kwa kunasa jua letu, pia husaidia mvua kuosha vumbi. Chunguza kivuli cha mti au cha ghorofa la jirani kuanzia saa tatu asubuhi hadi saa tisa alasiri.

Kabla ya yote, mwite seremala akague kenchi. Lita 150 za maji ni kilo 150, na uzito wa tangi na fremu bado haujahesabiwa. Bomba la kushusha maji ya moto liwe la PPR (plastiki inayostahimili maji ya moto) au la chuma, kwani bomba la kawaida la plastiki la maji baridi hulegea na kupinda.

11. Maji yetu ni ya kisima na yana chumvi. Yataharibu hita?

Yataifupishia maisha. Maji yenye chokaa nyingi huacha ukoko kwenye elementi na ndani ya mirija, na maji ya chumvi ya visima vya mwambao hula chuma cha tangi. Omba tangi lenye fimbo ya magnesi ndani yake, ambayo huliwa badala ya tangi, na umwambie fundi aikague kila mwaka na kuibadilisha inapokwisha. Kwa maji mabaya sana ni afadhali mfumo wenye mizunguko miwili, ambapo kimiminika kinachopita juani hakichanganyiki na maji ya kuoga.

12. Kuna hatari yoyote kiafya?

Zipo mbili, na zinavutana. Maji ya nyuzi 60 humbabua mtoto kwa sekunde chache, kwa hiyo pafungwe valvu ya kuchanganya maji kabla ya shawa. Ukishusha joto la tangi ili kuepuka hilo, bakteria waitwao lejionela, wanaosababisha homa ya mapafu, hustawi kwenye maji yanayokaa kati ya nyuzi 20 na 45. Njia sahihi ni kuliacha tangi lifike nyuzi 60 mara kwa mara, kwa elementi ikibidi, na kupoza maji kwenye valvu. Hospitali na nyumba za wazee zisilichukulie jambo hili kwa wepesi.

13. Je, sheria inanilazimisha kufunga hita ya sola?

Inategemea nchi. Israeli ililazimisha nyumba mpya kuwa nazo tangu 1980. Kenya ilitunga kanuni mwaka 2012 zilizoyahusu majengo yanayotumia zaidi ya lita 100 za maji ya moto kwa siku, na kanuni hizo zilizua ubishi mkubwa. Anayejenga Kenya leo aulize EPRA, mamlaka ya kusimamia nishati ya nchi hiyo, kabla ya kupitisha ramani.

## Shambani na jikoni

14. Tumeanika juani tangu enzi. Kikaushio cha jua ni cha nini?

Nenda kwenye mialo ya Ziwa Victoria asubuhi uone dagaa walivyotandazwa mchangani, wakipinduliwa kwa mikono huku kunguru wakinyemelea. Siku ya jua kali hukauka vizuri. Wingu likitokea alasiri, walioanika hukimbia kuzoa kabla ya matone, na wanaochelewa huuza dagaa hao kwa bei ya chakula cha kuku. Hata wanaosalimika huwa na mchanga, na mlaji huusikia kwenye meno.

Hatua ya kwanza na ya bei rahisi ni chanja: wavu uliowambwa juu ya miti kwa kimo cha kiuno, ambapo hewa hupita juu na chini ya samaki na mchanga hauwafikii. Ningemshauri mvuvi mwenye fedha kidogo aishie hapo kwanza. Hatua ya pili ni kikaushio chenyewe, yaani sanduku au banda la nailoni angavu lenye tundu la kuingiza hewa chini na la kuitoa juu. Ndani yake hewa hufika nyuzi 45 hadi 60, mvua ya ghafla haigusi kitu, na nzi hawaingii.

Kwa matunda na mboga kuna faida nyingine. Jua la moja kwa moja huharibu karotini, ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A, na pia hufifisha rangi. Embe, mchicha au majani ya kunde yaliyokaushwa kivulini ndani ya kikaushio kilichofunikwa hubaki na rangi inayomvutia mnunuzi. Hewa ndiyo inayobeba unyevu, kwa hiyo kikaushio chenye joto kali kisichopitisha hewa hupika embe badala ya kulikausha. Mbegu za kupanda zisizidi nyuzi 40, la sivyo hazitaota.

15. Kikaushio kinaondoa sumukuvu kwenye mahindi?

Hakiiondoi. Kinaizuia isiingie, tena pale tu mahindi yanapokaushwa mapema. Kuvu hustawi kwenye punje zenye unyevu, na lengo ni kushusha unyevu hadi asilimia 13 hivi kabla ya kuhifadhi. Sumu ikishajijenga, si jua wala jiko litakaloimaliza. Mwaka 2004 mahindi yenye sumukuvu yaliua watu 125 mashariki mwa Kenya, wengi wao katika maeneo ya Makueni na Kitui. Mahindi yaliyoota kuvu yasichanganywe na mazuri kwa matumaini ya kuyaanika upya.

16. Jiko la jua linaweza kuchukua nafasi ya mkaa?

Kwa sehemu. Jiko la sanduku hufika nyuzi 100 hadi 150 na huivisha wali, viazi, mayai na maharage yaliyolowekwa, polepole na bila kuungua. Jiko la kioo kilichopinda kama sahani lina moto wa kukaanga, lakini lazima ligeuzwe kufuata jua na mpishi asitazame mng'ao wake kwa macho makavu. Katika kambi ya Kakuma, kaskazini mwa Kenya, majiko ya kadibodi na karatasi inayong'aa yaligawiwa kwa wakimbizi katika miaka ya 1990.

Kikwazo kikubwa kwetu ni ugali. Unataka moto mkali na mkono unaosonga, wakati jiko la sanduku hupoteza joto kila linapofunguliwa. Kikwazo cha pili ni saa: chakula kikuu cha wengi huliwa usiku. Familia zinazolitumia vizuri hupika maharage mchana, hukifunga chungu ndani ya kapu lililojazwa nguo nzito ili kisipoe, na kusonga ugali jioni kwa moto mdogo.

17. Naweza kusafisha maji ya kunywa kwa jua?

Ndiyo, kwa njia mbili. Ya kwanza ni kuyapasha kwenye jiko la jua hadi nyuzi 65 na kuyaacha hapo kwa muda. Vijidudu vingi vya kuhara hufa kabla maji hayajachemka. Ya pili ni kujaza maji maangavu kwenye chupa za plastiki zisizo na rangi, zisizozidi lita 2, na kuzilaza juani saa 6, au siku 2 ikiwa kuna mawingu. Hapo miale ya urujuanimno ya jua hufanya kazi pamoja na joto. Maji ya matope yachujwe kwanza. Njia zote mbili haziondoi chumvi wala floraidi, kwa hiyo hazitatui tatizo la baadhi ya visima vya Arusha.

## Viwanda na umeme

18. Kiwanda cha maziwa au cha chai kinaweza kufaidika?

Cha maziwa, sana. Maziwa huuliwa vijidudu kwa nyuzi 63 kwa dakika 30, na kuosha matangi na makopo hutumia maji ya nyuzi zinazokaribia hizo. Jua hufika huko bila vifaa vya ajabu.

Cha chai kinahitaji tahadhari. Wauzaji hupendekeza kupasha kwa jua maji yanayoingia kwenye boila ili kupunguza kuni. Lakini kupandisha kilo moja ya maji kutoka nyuzi 20 hadi 60 huchukua kilojuli 167 hivi, ilhali kuigeuza kuwa mvuke baada ya kufika nyuzi 100 huchukua kilojuli 2,257. Akiba ya kuni kwenye boila haitafika hata asilimia 7, na ni ndogo zaidi pale ambapo maji ya mvuke uliopoa hurudishwa. Hewa ya moto ya kunyaushia majani ni lengo bora, kwa kuwa nyuzi zake ni za chini.

19. Kwa nini hatuna mitambo ya umeme wa joto la jua kama Moroko?

Kituo cha Noor karibu na Ouarzazate, ambacho sehemu yake ya kwanza ya megawati 160 ilianza kazi mwaka 2016, hutumia vioo vinavyokusanya miale ili kupata mvuke, na huhifadhi joto katika chumvi iliyoyeyuka ili umeme uendelee baada ya jua kutua. Vioo hivyo hutaka miale iliyonyooka ya anga safi ya jangwa, na mwanga uliotawanywa na mawingu hauvisaidii. Kwetu kuna mawingu, paneli za kawaida zimeshuka bei sana, na Kenya ina joto la ardhini la Olkaria linalotoa mvuke usiku na mchana. Kituo cha Garissa cha megawati 50 ni cha paneli za umeme, ingawa watu hukitaja kana kwamba ni cha aina ya Noor.

## Hali za pekee

20. Tayari nina paneli za umeme. Bado ninunue hita ya sola?

Ikiwa kila mchana betri zinajaa mapema na umeme unabaki bila kazi, ni busara zaidi kuuelekeza umeme huo kwenye elementi ya tangi la kawaida. Hapo hoja ya ufanisi katika swali la 1 haina nguvu, kwa sababu ziada hiyo ingepotea. Ikiwa hakuna ziada, kuongeza paneli kwa ajili ya maji kutakula paa karibu mara mbili na nusu ya lile linalohitajiwa na hita.

21. Tunasafiri mwezi mzima. Hita itadhurika?

Maji yasiyotumika huendelea kupata moto hadi kuchemka, na tangi lisilo na tundu la kupumulia au valvu ya kupunguza msukumo linaweza kupasuka. Hakikisha sehemu hiyo haijazibwa na chokaa, kisha funika kikusanya joto kwa turubai. Usimwage maji na kuiacha mirija mikavu juani. Mtakaporudi, pandisheni maji yafike nyuzi 60 kabla ya kuoga, kwa sababu iliyotajwa katika swali la 12.

22. Ninaishi nyumba ya kupanga na mwenye nyumba hataki kusikia habari za paa. Nifanyeje?

Pipa au madumu meusi yenye mfuniko, yakiwekwa mahali penye jua na pasipo upepo kuanzia asubuhi, yatakupa maji ya kuogea mtoto jioni. Yafunike kwa kioo au nailoni angavu yaongeze nyuzi, na utumie maji kabla ya magharibi kwa sababu hakuna povu la kuyahifadhi. Dumu liwe limeoshwa vizuri na halijawahi kubeba dawa ya shambani.